Kilio Kilichotoka Ukunguni

Mlango wa ghala lililo nyuma ya chumba nilichopanga hapa Korogwe una bawaba kavu. Ukifunguliwa asubuhi huanza kwa kukwaruza, kwaa, kwaa, kisha sauti hupanda, huwa nyembamba, na kukatika kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Nimehama miji mingi na kusikia bawaba nyingi. Lakini hii, ndugu zangu, hunirudisha kwetu, kwenye miteremko ya Meru, enzi za Mjerumani, siku niliyomlilia baba yangu akiwa hai.

Kwetu kilio cha msiba hakikuwa cha mtu mmoja. Aliyefiwa alikianzisha, jirani aliyekisikia akakipokea, akampelekea jirani wa pili, kutoka shamba hadi shamba, mpaka mlima mzima ukajua. Hakuna aliyekuuliza kama una huzuni. Bibi, mama yake baba, alikuwa akisema, "Kilio ni mgeni, hakipiti kwako bila kupokelewa." Mwiko ulikuwa mmoja tu: mtu ambaye kifo chake hakijajulikana haliliwi. Ukimlilia, umemfungia njia ya kurudi.

Baba alichukuliwa na askari wa boma kubeba mizigo ya vita. Miezi ikapita bila habari. Mama alilima, alikama, wala hakulia. Bibi alimtazama kama mtu anayechunga chungu cha maziwa motoni.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito hata migomba ikawa vivuli. Mama alikuwa amekwenda mferejini, juu karibu na msitu. Mimi, msichana wa miaka kama minane, nilikuwa nakata majani ya mbuzi. Ndipo nikasikia huko juu: kwaa, kwaa, kisha sauti ikapanda kama ya mwanamke anayepasuka kifua. Nikajua ni mama. Nikajua amepata habari za baba. Nikatupa majani, nikakipokea.

Jirani yetu wa chini akakipokea kutoka kwangu, na wa chini yake akakipokea kutoka kwake. Nilikisikia kikizama ukunguni, kikienda mbali kuelekea Momela, na mwili ukanisisimka, kwa maana kilikuwa changu na hakikuwa changu tena.

Muda si mrefu ua wetu ulijaa wanawake wenye ndizi na vibuyu vya maziwa, wote wakilia. Mama akatokea ukunguni na maji yake kichwani.

"Nani?" akauliza.

Wanawake wakatazamana.

"Sisi tumepokea tu," jirani wa chini akasema.

"Mmepokea kwa nani?"

Vidole vyote vikaniangukia. Kabla sijafungua mdomo, kutoka msituni ikaja tena: kwaa, kwaa, na ile sauti ya kupanda. Alikuwa perere, yule mnyama mdogo wa mitini ambaye kwa kawaida hulia usiku. Ukungu ulikuwa umemdanganya kama ulivyonidanganya mimi.

"Mungu wangu! Mlima mzima umempokea perere!" mwanamke mmoja akacheka. "Na huyu mtoto, koo lake ni la fisi!"

Mama hakucheka. Alitua kibuyu polepole, akakiegemeza ukutani kisianguke, kisha akalia. Bibi akamrukia na kumziba mdomo.

"Nyamaza! Unamfungia mwanangu njia!"

Mama aliuondoa mkono ule kwa adabu, kama mtu anayeondoa jani begani, akaendelea kulia mpaka sauti ikaisha. Hakuna aliyecheka tena.

Tangu siku hiyo niliongea kwa kunong'ona. Niliamini nimemuua baba.

Mvua za masika zilipokwisha, mtu alisimama nje ya uzio wetu wa mimea ya masale, mifupa mitupu, haiti wala haingii. Bibi alimtambua kwanza, lakini hakumruhusu kupita mlangoni. Aliyekwisha kuliliwa haingii kwa njia ya walio hai. Wanaume wawili walitoboa ukuta wa nyuma, na baba akaingia akitambaa, majani makavu yakiwa nyweleni. Akaketi karibu na moto, akatuangalia mmoja mmoja, akituhesabu kwa macho.

"Nani amekufa?" akauliza.

Bibi akamtoa majani nyweleni.

"Homa iliniangusha njiani. Wenzangu wakanifunika majani, wakaniacha. Nikasikia sauti ya mama yenu analia. Nikaamka nije niulize nani amekufa."

Mama akageuza ndizi motoni.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa lilikuwa langu peke yangu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba mama alimsikia perere kama tulivyomsikia sote. Alijua ni mnyama tu. Miezi yote ile alikuwa akingoja mtu wa kuanza, ili naye apokee.

Asubuhi hii bawaba imelia tena, na nimejikuta nimefungua mdomo. Nikaufunga. Hapa Korogwe, nikikipokea kilio, sijui nani atakipokea kutoka kwangu.