Upepo Kwenye Breki

Kwa wiki tatu gari letu lilikaa nyuma ya nyumba pale Lemara, mbele likiwa limenyanyuliwa juu ya magogo mawili ya mgrivilea, na kwa wiki tatu sikuweza kutulia mahali pamoja. Nilikuwa mwalimu wa fizikia shule ya sekondari. Nikikaa ofisini kusahihisha madaftari, mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu chini ya meza na kuachia, unakanyaga na kuachia, hadi mwenzangu aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama nina mdudu kwenye kiatu. Nikacheka, nikauvuta mguu nyuma ya kiti. Baada ya dakika mbili ulikuwa umerudi kazini.

Gari lilikuwa la baba. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, wa zile safari za kwenda Zambia na kurudi, na alipostaafu alirudi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo la migomba, juu ya Usa, njia ya kwenda Momela, akajinunulia gari dogo kuukuu la saluni. Macho yake yalipoingia ukungu alinikabidhi funguo mbele ya mume wangu, akasema, "Gari halina shida. Libadilishie oili tu."

Miezi michache baadaye, Jumapili alasiri, nilikuwa nateremka kutoka kwake na watoto wetu wawili kiti cha nyuma na mkungu wa ndizi kwenye buti. Ule mteremko ni mrefu, una kona, na nilikuwa nimeshakanyaga breki mara nyingi. Nikasikia harufu kama ya nguo inayoungua kwa pasi. Kwenye kona iliyofuata nikakanyaga, pedeli ikaenda chini, gari likaendelea kama vile sikuwa nimefanya kitu. Nikakanyaga tena kwa nguvu zote. Hakuna. Nilirudisha gia ya pili, injini ikapiga yowe, nikarudisha ya kwanza, kisha nikaligeuza gari kwenye ukingo wa udongo kando ya shamba la kahawa. Likapanda, likatikisika, likasimama limeinama upande.

Binti yangu mdogo akasema kwa upole, "Mama, umekosea njia."

Hakuna aliyeumia. Nilisubiri magurudumu yapoe, na maajabu ni kwamba yalipopoa breki zilirudi kama kawaida. Nikaendesha hadi nyumbani kwa gia ya pili, mwendo wa baiskeli. Lakini tangu siku ile mwili wangu haukuliamini tena gari lile. Fundi mmoja alinieleza jambo nililopaswa kulijua mwenyewe: gari lile lilikuwa na breki za zamani, za ngoma, na ngoma ikipata moto sana inatanuka na kushindwa kushikwa. "Uwe unaendesha polepole tu, mama," akasema, akafunga boneti.

Sikutaka kuendesha polepole. Nilitaka breki za diski, kama za magari mapya yaliyokuwa yanamwagika mjini siku zile.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokua na foleni za sabuni na vibali vya tairi tulikuwa bado tunashangaa kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi, akatembea hadi Kaloleni, akakuta sehemu nzima ya mbele ya gari la Kijapani imekatwa kama kichwa cha ng'ombe buchani, na taa zake, redieta yake, na miguu yake ya mbele na diski zake. Muuzaji niliyemwendea alikuwa mtu wa Kondoa, mpole, mwenye kofia ya kufuma. Alinifungulia miguu ya mbele, akanipangia chini diski mbili na kalipa mbili, yale mabano ya chuma yanayoibana diski.

"Zitaingia kwenye gari lako, mwalimu, ila matundu mawili itabidi yapanuliwe," alisema. "Na angalia usichanganye."

Hilo neno la mwisho nililisikia. Nikadhani anasema nisichanganye boliti.

Matundu yalipanuliwa na fundi wa mashine ya kukereza. Mengine nilifanya mwenyewe, Jumamosi mbili, nikiwa nimejifunga khanga kichwani na nimevaa suruali ya kazi ya mume wangu. Yeye alikuwa muuguzi, mtu wa Machame, mtulivu kiasi cha kukera. Alikuja kunisaidia kutoa upepo, kwa sababu hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedeli mara kadhaa na kuishikilia chini. Mwingine, kwenye gurudumu, analegeza skrubu ndogo ya kalipa ili mafuta ya breki yatoke na mapovu yake, kisha anaikaza kabla pedeli haijaachiwa. Upepo ukibaki ndani, nguvu yote ya mguu wako inaishia kuubana upepo badala ya kuibana diski.

"Pampu!" nilimwambia. "Pampu! Shikilia!"

"Nimeshikilia."

"Achia. Ikoje?"

"Kama kukanyaga sponji."

Tulitoa upepo mara tatu siku ile. Mapovu yalitoka kidogo, yakakoma, mafuta yakaja safi, na bado pedeli ilikuwa sponji. Jumapili baada ya ibada tukarudia. Nikatafuta panapovuja, pakavu. Nikafungua masta silinda, ile pampu ndogo inayosukuma mafuta, nikabadilisha raba zake. Sponji. Nikabana hosi za mbele, yale mabomba laini ya raba, moja moja kwa koleo lililofungwa kitambaa, na nilipozibana zote mbili pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mbele, kwenye vitu vipya. Nikamwona akilini yule mtu wa Kondoa na kofia yake, nikaamua ameniuzia kalipa mbovu.

"Mpe fundi," mume wangu alisema.

"Fundi atafanya nini ambacho sijafanya?"

"Atalala usingizi, na wewe utalala."

Jumatatu nilifundisha vipindi vinne bila kukumbuka hata kimoja. Kipindi cha mwisho nilimwomba mwenzangu anishikie, nikashuka Kaloleni kwa miguu nikiwa na chaki mikononi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika hata salamu ilinitoka kwa shida.

"Kaka, umeniuzia takataka," nilisema mbele ya wateja wake.

Hakukasirika. Aliniomba nikae kwenye kreti la soda. Sikukaa. Nikaendelea kusema, na huku nikisema nikawa natembea kati ya vyuma vyake, na nikajikuta nimesimama mbele ya gari jingine lililokatwa ambalo miguu yake ilikuwa bado haijafunguliwa. Kalipa ilikuwa imekaa mahali pake kama ilivyotoka kiwandani. Skrubu ya kutolea upepo ilikuwa juu kabisa.

Nikanyamaza katikati ya sentensi.

Zangu zilikuwa chini. Niliziona kichwani waziwazi: nilivyolala mgongoni kwenye nyasi na kuufikisha mkono chini ya kalipa kuilegeza ile skrubu. Nilikuwa nimefunga kalipa ya kulia upande wa kushoto na ya kushoto upande wa kulia. Mafuta yalikuwa yanatokea chini, na upepo umekaa juu kwa raha zake, hauna mlango. Mimi, niliyekuwa nawachorea wanafunzi ubaoni kila mwaka kwamba povu hupanda.

"Vipi, mwalimu?" aliuliza yule mtu.

"Nimechanganya," nilisema. "Ulinionya."

Wateja wake wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Hata mimi nilichanganya mara ya kwanza," na mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alikuwa ananisitiri.

Nilibadilisha kalipa jioni ile ile kabla jua halijazama. Tukatoa upepo, mapovu yakaja kwa fujo, na mara ya nne mume wangu alipokanyaga alisema, "Eeh." Niliingia mwenyewe kuijaribu. Pedeli ilikuwa fupi na ngumu. Nilizunguka Lemara mara mbili, gari likawa linasimama pale pale nilipotaka. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kama robo saa, kisha nikaanza kusikia vitu: kitu kama mkwaruzo, gari likisita kidogo nikiondoa mguu kwenye mafuta. Nikajiambia ni woga tu.

Jumamosi baba alikuja mjini kwa basi kwenda kuonyesha macho yake kwa daktari. Baadaye nikampakia kumrudisha kwake. Alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, akalisikiliza gari kwa uso mzima.

"Umelibadilisha," alisema.

"Nimeliwekea diski, baba. Mbele."

"Ngoma zilinipeleka Zambia na kunirudisha."

Tulikata kona Usa, tukaanza kupanda, na gari likawa zito. Nilikuwa gia ya pili mahali ambapo siku zote napita na ya tatu. Baba akaniambia nisimamishe. Alishuka, akapapasa hadi gurudumu la mbele, akauweka mkono karibu bila kugusa.

"Breki zinashika," alisema. "Hazijaachia hata ulipoinua mguu."

Kweli, diski zilikuwa zinanuka. Nikanyanyua upande mmoja kwa jeki; gurudumu halikuzunguka kwa mkono. Nikalegeza skrubu ya kalipa, mafuta yakaruka kama mate, na gurudumu likawa huru. Basi ndani kulikuwa na kitu kinachozuia mafuta yasirudi. Nilisimama kandokando ya barabara, magari ya watalii wa Momela yakinipita kwa vumbi, nikafikiri. Breki za ngoma hupenda kubakiziwa nguvu kidogo kwenye bomba ili shuu, zile pedi zake za ndani, zisirudi mbali; diski zikibakiziwa hivyo haziachii. Masta silinda ilikuwa bado ya zamani. Ndani yake, nyuma ya nati ya bomba la mbele, lazima kulikuwa na kizuizi cha kazi hiyo. Nilikuwa na spana na chupa ya mafuta ya breki iliyofika nusu. Nikafungua. Kilikuwa raba ndogo na springi yake, ukubwa wa punje ya mahindi. Nikakitoa, nikafunga bomba, nikalinyanyua gari tena.

"Baba, ingia kwenye usukani. Nikisema pampu, pampu. Nikisema shikilia, shikilia."

Sikuwahi maishani kumpa baba yangu amri. Aliweka fimbo chini, akaingia.

"Pampu. Pampu. Shikilia."

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya gurudumu, simwoni, naona tu mpira na vumbi. Nikalegeza skrubu. Ndipo sauti yake ikaja kutoka ndani, ya chini.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba zikipata moto zinakufa. Zilinifia mara mbili kwenye ule mteremko, kabla sijakupa funguo. Mimi nilikuwa nashuka na gia ya kwanza tangu juu mpaka chini. Nilisema nikikwambia, hutakuja tena na watoto."

Niliusahau mkono wangu kwenye spana. Mafuta yalikuwa yanatoka na mapovu, pedeli ya baba ilikuwa imefika chini, na sikuikaza skrubu.

"Walikuwa ndani, baba," nilisema. "Wote wawili."

"Najua."

"Hukusema hata neno moja. Ulisema oili."

"Najua, mwanangu."

Nilitaka kusimama, nitembee, niende hata hadi Usa kwa miguu, lakini gari lilikuwa juu ya jeki na mzee asiyeona vizuri ndani yake. Nikakaza skrubu. Nikasema, "Pampu," naye akapampu. Tulianza upya upande ule, kisha tukahamia wa pili, na kwa nusu saa hatukuzungumza maneno mengine zaidi ya pampu na shikilia.

Magurudumu yaliachia. Tulipanda kwa gia ya tatu. Kwake, mama alituwekea loshoro, uji mzito wa mahindi na maziwa mgando, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akauliza kama tumegombana. Baba akasema hapana. Nilikunywa nusu kibuyu nikiwa nimesimama mlangoni.

Nilipoaga, baba alinifuata na fimbo yake, akafungua mlango wa mbele, akakaa.

"Unakwenda wapi?"

"Nashuka na wewe mpaka chini."

"Na kurudi?"

"Miguu ninayo."

Nikaendesha. Sikutumia gia ya kwanza. Kwenye kila kona nilikanyaga breki kwa makusudi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na kila mara gari liliinamisha pua na kutii. Kwa jicho la pembeni niliona mkono wake umeshika ukingo wa kiti, na hakusema nipunguze. Tulipopita shamba lile la kahawa nilikuwa nimekaza meno.

Chini kabisa nilisimama. Alishuka, akapiga paa la gari mara moja kwa kiganja kama madereva wanavyoagana, akageuka kuanza kupanda. Nilishuka na mimi nikayapima magurudumu kwa mkono: joto la kawaida. Nilipoinua macho alikuwa ameshafika kona ya kwanza, anatembea ukingoni, fimbo ikitangulia. Ningeweza kumwita. Niliwasha gari nikaenda mjini.

Zilipita Jumapili tatu kabla sijawapeleka watoto tena kwa babu yao. Ya nne niliwapakia mapema, kabla mume wangu hajamaliza chai, na nikapanda.