Hotuba ya Minjila Niliyozuiwa Kuisikia

Siku ya kwanza kazini, mhariri wetu wa mkoa kule Mombasa hakunipa hata kiti. Alinipa kitambulisho, daftari na swali moja: "Habari hii uliiona au uliambiwa?" Nikamwambia sijaandika habari yoyote bado. "Najua," akasema. "Lakini hilo ndilo nitakalokuuliza kila siku, mpaka mmoja wetu astaafu." Na aliniuliza kweli, hata nilipomwandikia habari ya mvua.

Nilianzia Malindi, nikapelekwa Hola, kisha Garsen, na Garsen nikang'ang'ania. Nyinyi mnaotuma habari kwa kidole gumba, hebu sikieni sisi tulivyofanya. Nilikuwa mwakilishi, yaani mwandishi anayekaa mbali na ofisi, peke yake, bila meza. Habari niliiandika kwa mkono, nikaenda posta kupanga foleni ya simu, kisha nikamsomea mpokeaji wa Mombasa neno kwa neno, nukta kwa nukta, huku foleni nzima nyuma yangu ikisikiliza na kunisahihisha. Siri ya kazi? Thubutu!

Uchaguzi wa mwishoni mwa miaka ya tisini ndio ulionipima. Mgombea mmoja, jina lake nalimeza, alikuja Tarasaa akawaahidi wakulima kwamba ataifunga malka, ile njia ya mifugo kushuka mtoni kunywa maji, ili mashamba yao yasikanyagwe. Nilikuwepo, nikaandika, ikachapishwa. Wiki iliyofuata akaitisha mkutano wa wafugaji katika uwanja wa shule Minjila, na safari hii waandishi wakapigwa marufuku.

Msimamizi wake wa kampeni alisimama langoni mwenyewe, wapambe wake wakipapasa watu mifukoni. Walichotafuta ni kalamu. Mwenye kalamu haingii.

"Mama, leo hapa ni mambo ya wanaume na ng'ombe wao," akaniambia. "Nenda kapike."

"Nimeshapika, nimekula na nimeshiba. Nipishe."

Akaninyang'anya daftari, akalirarua katikati, akanitupia vipande miguuni. "Haya, andika sasa."

Sikuogopa. Nilikuwa na hasira ya kutafuna mawe. Nikaokota vipande vyangu, nikavuka barabara, nikakaa kwenye kibanda cha chai kungoja.

Kosa lake lilikuwa hili: aliwaruhusu wafugaji wote kwa kuwa hawakuwa na kalamu. Mtu aliyekulia kwetu asingekosea hivyo. Mfugaji wa Kiorma akifika mahali hutiliwa chai ya maziwa, kisha huulizwa habari. Naye huitoa yote kwa mpangilio, maneno ya mtu kama yalivyotamkwa, na asichokisikia husema wazi hakukisikia. Anayetia chumvi hujulikana mpaka Nanighi, mbali huko juu ya mto, na aibu yake haifutiki.

Mkutano ulipokwisha akaingia kibandani Mzee Bonaya, mfugaji niliyejuana naye miaka mingi. Nikamwagizia chai. "Habari ya huko, Mzee?" Akanywa, akafumba macho, akaitoa hotuba nzima. Mgombea alikuwa amewaambia: "Malka haitafungwa nikiwa hai. Hao wakulima ndio watakaohamisha mashamba." Nikatafuta wafugaji wengine wawili, kila mmoja mahali pake, bila kumwambia huyu alichosema yule. Hakuna neno lililopungua.

Hapo ndipo nilipoogopa. Ukiwaahidi watu wa pande mbili njia moja, huyu ifungwe na huyu ibaki wazi, siku ya kudai ahadi ni siku ya mapanga na mikuki. Lazima wajue kabla ya kupiga kura. Nikakimbilia posta, nikaomba nipewe mhariri mwenyewe.

"Uliiona au uliambiwa?" mhariri akauliza.

"Niliambiwa."

"Basi huna habari."

"Ninayo! Niliambiwa kwa sababu nilifukuzwa. Anza na hapo, kwamba mwandishi alizuiwa na daftari lake likararuliwa. Kisha weka maneno ya watatu waliosikia. Usipoiweka, aliyenirarulia daftari ndiye mhariri wa gazeti hilo, si wewe."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Soma," akasema. "Polepole."

Gazeti likaja na basi la Malindi. Wapambe wakalinunua lote, Tarasaa na Garsen, kabla hata mafurushi hayajafunguliwa. Nilipata nakala moja tu, aliyonifichia dereva chini ya kiti. Nikampelekea Mzee Bonaya, ambaye hakujua kusoma. "Nisomee," akasema. Nikasoma. "Tena." Baada ya mara ya tatu akachukua fimbo yake. "Yatosha, binti yangu. Wao wamechukua karatasi, mimi nimechukua habari." Akaondoka na ng'ombe wake kuelekea malka.

Mgombea aliporudi Tarasaa, mama mmoja mkulima, ambaye shamba lake lilipakana na malka hiyo, alisimama mbele ya umati. Akamrudishia maneno ya Minjila yote, kama Mzee Bonaya alivyoyatoa, bila karatasi mkononi. Msimamizi wa kampeni akarukia kipaza sauti: "Uongo mtupu! Umesoma wapi? Gazeti lile halikuuzwa hapa hata moja!"

Mama akamtazama. "Mimi sijataja gazeti, baba. Wewe umejuaje?"

Lo! Zomeazomea ile iliwasindikiza mpaka garini. Siku chache baadaye wazee wa wakulima na wa wafugaji walikutana penye malka yenyewe, wakakubaliana ibaki wazi na mashamba ya kando yazungushiwe ua. Mgombea hakualikwa, na kura za pande zote mbili alizikosa.

Miaka ilipita, nikafika umri wa kustaafu. Nilimpigia mhariri kumwambia nimeletewa barua. "Uliiona au uliambiwa?" akauliza. Tukacheka mpaka nikalia, maana nilimpenda mtu yule kwa ubishi wake.

Daftari lililoraruliwa ninalo mpaka leo. Nililishona kwa uzi wa gunia, na kurasa za mwisho hazijaandikwa. Kampeni zimeanza tena, na nasikia waandishi wameambiwa wakae nje. Sawa. Kibanda cha chai bado kipo ng'ambo ya barabara, na sasa nina muda wa kukaa kutwa.