Pilau Iliyohesabiwa Kuwa Mazoezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo wa stoo ya mipira kabla ya kupewa kiti. Aliyenipa alikuwa Mkuu wa Kanuni, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mfupi, mwenye suti ya kahawia, na alipojua kwamba mimi ni Mkamba wa Machakos alikiacha Kiingereza chake mlangoni. Chuo kilikuwa London, upande wa Thornton Heath. Tangazo la kazi lilisema wanatafuta ofisa wa kanuni za michezo, nami, karani wa miaka mingi, nilidhani nitakuwa refa. Nilikuwa nimenunua hata filimbi.

"Hiyo filimbi rudisha kwa mkoba, mama," akaniambia. "Refa anafanya kazi wakati watu wanacheza. Sisi tunafanya kazi wakati hawachezi."

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo mna kompyuta za kuwahesabia kila kitu, kwa hiyo niwaeleze ilivyokuwa. Ligi yetu ya mpira wa kikapu ya vyuo ina msimu wake. Msimu ukiisha, wachezaji warudi kwenye vitabu vyao, na makocha wawaache wapumue. Kipindi hicho tunakiita nje ya msimu, na hapo kocha hashikiki. Kanuni inasema asikusanye wachezaji wanne au zaidi akawafundisha. Kuna mazoezi ya hiari, yaani mchezaji anaweza kuingia ukumbini mwenyewe akarusha mpira mpaka achoke, mradi kocha hakumwita, hamtazami, wala kesho yake haulizi nani alifika na nani hakufika. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hiari ni hiari kweli.

Mkuu wa Kanuni alinifundisha kazi hiyo ndani ya stoo. "Ukimuuliza mtu, atasema alikuwa maktaba," akasema. "Usiulize mtu. Uliza mpira." Akashika mkono wangu akauweka juu ya mpira mmoja. "Huu umelala, unasikia baridi yake? Mpira umechezwa, una joto. Na joto halijui kusema uongo." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule. "Ukikuta kosa, andika siku hiyohiyo. Hata kama ni lako."

Basi kila asubuhi nikawa napapasa mipira kama muuguzi anayepima watoto homa. Walinicheka sana. Lakini makocha watatu niliwanasa kwa kiganja tu, na mmoja wao alinishutumu kwamba nimetoka na uchawi Ukambani. Sikukanusha. Kwa miezi miwili ukumbi ule ulitulia.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia chuo kikubwa zaidi, upande wa Wembley, chini ya Mkurugenzi wa Michezo, Mwingereza mrefu aliyevaa sketi ya ofisini na raba za kukimbilia. Huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kunipokea alinionyesha kabati la barua za onyo akasema, "Kocha akipata ya tatu, anaondoka." Nikaitikia, nikaenda kutazama stoo. Huko ndiko nilikokutana na Kocha Mwinyi.

Kocha Mwinyi alikuwa wa Tanga, na Mungu alimpa ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji. Timu aliikuta mkiani, akaipandisha hadi nusu fainali. Tulipendana kama ndugu, na nilimwandikia barua mbili za onyo.

Ya kwanza ilitokana na tikiti maji. Nilikuwa nakatiza bustani ya umma karibu na chuo, nje ya msimu, nikawakuta wachezaji saba wamesimama duara wakirushiana tikiti zima, na Kocha katikati.

"Kocha, hao wanapasiana nini?"

"Tunda, Dada. Mpira unauona wapi hapa?"

"Mbona wanalipokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa?"

"Heshima hiyo. Kwetu kijana hapokei kitu kwa mkono mmoja."

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani Edmonton. Nilipofika nikaandika. Kisha nikakaa nikatunga kifungu kipya cha kanuni, kwamba mazoezi ni mazoezi hata yakifanywa kwa "kitu chochote kinachopitishwa badala ya mpira." Ligi nzima ilikipitisha. Nilikionea fahari kifungu kile kuliko hata picha ya arusi yangu.

Barua ya pili ilikuwa ya miwani. Kocha aliwatumia vijana ujumbe: "Kesho saa nne asubuhi nitapita ukumbini kutafuta miwani yangu. Simwiti mtu." Timu nzima ilifika kumsaidia kutafuta, na wote walikuwa wamevaa viatu vya kikapu. Kocha Mwinyi hajawahi kuvaa miwani maishani mwake. Safari hii sikucheka, kwa sababu iliyobaki ilikuwa moja tu, na kibali chake cha kukaa nchini kilishikamana na kazi ile. Nilimwambia hivyo usoni. Akaniapia kwamba amekoma, na nikiri kwamba alikoma kweli.

Sasa nifike kwenye aibu yangu mwenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki sita nistaafu, na binti yangu alikuwa anaposwa. Kaka zangu wote wako Machakos, kwa hiyo nilimwomba Kocha awe msemaji wa familia mbele ya wakwe. Akaja na kanzu iliyopigwa pasi, na nyuma yake vijana sita wa timu, ambao mimi mwenyewe niliwaomba waje kubeba viti. Viti si mpira. Kanuni niliiangalia kabla.

Mvua haikuangalia kanuni. Tenti ya bustanini ilijaa maji ikalala upande, na watu hamsini wakaingia katika nyumba yangu ambayo ukumbi wake mwembamba hauwezi kupishanisha watu wawili wanene. Wazee wa upande wa mume tukawapandisha ghorofani. Pilau ilikuwa jikoni, nyuma kabisa, na kila aliyejaribu kupita na sahani alirudi nayo. Saa nzima ikapita. Huko juu nilimsikia Kocha akiisifu familia yetu kwa mara ya tatu, sasa amefika kwa mbuzi wa babu yangu. Ninyi mnajua, mkwe akilala njaa kwako, hadithi hiyo itasimuliwa hadi kwa vitukuu. Nikapandwa na wazimu. Nikapaza sauti kutoka jikoni:

"Kocha! Wapange hao vijana wako! Chakula kifike juu!"

Akatokea kwenye ngazi, kanzu ameikunja mkononi. Kwa dakika moja akawa amempanga mmoja mlangoni mwa jikoni, wawili ukumbini, watatu kwenye ngazi. "Usitazame sahani! Mtazame mwenzako!" akawa anapaza sauti. "Pokea, geuka, toa!" Sahani zikaanza kupita juu ya vichwa vya watu, za pilau, za kachumbari, za kuku, na hakuna punje iliyoanguka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko, nimejawa na furaha, nikisema, "Mkono wa kushoto umelala! Rudieni hapo!" Wazee walikula pilau ikitoa mvuke. Posa ikakubaliwa kabla ya chai.

Wageni walipoondoka nilikuwa nakwangua ukoko, Kocha ananisaidia kufuta vikombe. Mkono wangu ukasimama ndani ya sufuria. Akanitazama, naye akaelewa.

"Dada, usiseme."

"Walikuwa sita."

"Ilikuwa pilau!"

"Kitu chochote kinachopitishwa badala ya mpira."

"Nani aliandika ujinga huo?"

"Mimi."

"Mum, seriously, it was lunch," akasema binti yangu kutoka sebuleni, akimaanisha kilikuwa chakula cha mchana tu.

Kocha akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kanzu yake nyeupe ikiburura kwenye maji ya vyombo. "Basi nimekwisha," akasema, na hakukuwa na mzaha tena. Niliogopa. Nitakuwa mwongo nikisema sikuwaza kunyamaza. Waliotuona walikuwa wakwe, na wao wangemtetea kwa kiapo. Lakini nilimwandikia mtu huyu kwa tikiti maji la bustanini. Ningewezaje kuifungia macho pilau ya jikoni kwangu? Nikamkumbuka mzee wa Kisumu na neno lake la kuandika kosa siku hiyohiyo, hata kama ni lako.

Nikafuta meza, nikatoa fomu ya kujiripoti, ile ambayo chuo hukiri kosa lake chenyewe kabla hakijaulizwa. Kwa kanuni zetu, barua ya onyo humwendea aliyeitisha mazoezi. Mstari huo nilikuwa nimeujaza majina ya makocha miaka yote, kiasi kwamba mkono ulianza wenyewe kuandika Mwinyi. Ukaishia kwenye M. Nikauliza moyoni, kwani nani aliitisha? Kocha alikuwa ghorofani na mbuzi wa babu yangu. Aliyepaza sauti ni mimi. Bahati nzuri mimi ni Mutheu, hata M haikupotea bure. Pa waliotoa maelekezo nikaandika ukweli: Kocha, kwa amri ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba mwenyewe, hasa kuhusu mkono wa kushoto.

Nilimsomea. Kisha akalia, nami nikalia, binti yangu akatuletea karatasi za jikoni.

Asubuhi Mkurugenzi wa Michezo aliisoma ile fomu mara mbili. "Vyakula vyote vilifika vikiwa moto?" akauliza.

"Vyote."

"Basi hayo yalikuwa mazoezi," akasema, akatia sahihi barua ya onyo. Ilikuwa barua yangu ya kwanza na ya mwisho. Tena nikaamriwa kuhudhuria somo la lazima la kanuni za nje ya msimu, ambalo chuoni pale lilikuwa na mwalimu mmoja tu. Nikajifundisha. Niliweka sahihi mara mbili, pa mwalimu na pa mwanafunzi. Kocha alibaki na kazi yake.

Watu huniuliza kama kazi hii ina maana, kuwazuia vijana kucheza. Nawaambia sikumzuia kijana hata mmoja kucheza. Niliwazuia wakubwa kumnyima kijana pumziko lake, nami nilikuwa mmoja wa wakubwa hao siku moja ya mvua.

Jumamosi baada ya kustaafu nilikuwa nyumbani nimevaa leso, mlango ukagongwa. Wachezaji watatu. Wakaniamkia, wakanywa chai, wakaaga. Nusu saa baadaye wakaja watatu wengine, kisha watatu wengine. Ilikuwa nje ya msimu, na hawakuwahi kufika wanne. Nikampigia Kocha simu.

"Kocha, ni wewe uliyewatuma hawa?"

"Mimi? Sina habari, Dada. Hiyo ni hiari yao." Kisha akashusha sauti. "Wamefika wangapi?"

"Kocha!"

"Usiniambie, usiniambie! Hairuhusiwi!" Akakata simu.

Watatu wa mwisho waliniletea zawadi, tikiti maji kubwa, wakalitoa kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa. Walipoondoka niliweka kiganja juu yake kwa mazoea. Lilikuwa na joto.

Nikaiacha kalamu ilipokuwa, nikachukua kisu.