Kondo la Mtoto Wangu Lilizikwa Nje ya Ua

Mhariri, jina langu lifiche, yaliyobaki yaandike yote. Nina miaka ishirini na mbili, nilifika darasa la nane, nimeolewa na ninaishi Tuwan hapa Kitale. Mtoto wangu wa kwanza, msichana, anakaribia miezi miwili na bado hana jina. Nimechoka, lakini zaidi nimekasirika.

Kaka mkubwa wa bwanangu ana duka la dawa hapa mtaani. Watu humwita daktari, naye huitika. Mimba ikiwa na miezi mitano, mgongo ulinikamata tukipalilia mahindi Saboti. Shemeji akanidunga sindano, maumivu yakaisha. Kesho yake akanidunga tena, na tena. Nilimuuliza kama haitamdhuru mtoto. Akacheka, "Shemeji, wewe beba mimba, udaktari niachie mimi." Siku nisipodungwa nilitoka jasho, nikapiga miayo, mifupa ikauma kama nimepigwa. Nilipomwambia, akasema, "Si unaona? Mwili yako inataka hii dawa, bana." Na bwanangu ndiye aliyekuwa akinisindikiza dukani.

Uchungu ulinishika kabla ya wakati, tukiwa Bungoma kwa mama mkwe. Yeye na jirani yake ndio walionizalisha. Kwao, nyanya huzika kondo la nyuma karibu na nyumba, ijulikane mtoto ni wa boma hilo. Lakini kwanza mama mkwe aliligeuza kwenye beseni. Lilikuwa dogo, limepauka, na upande mmoja damu nyeusi imeganda. Mimi bado niko kwenye mkeka.

"Ati hii ni nini? Nimezaa saba, sijaona kondo namna hii. Kondo huharibika hivi mama akitoka nje ya ndoa. Ulitembea na nani huko Kitale?"

Akaenda akalizika nje ya ua, kando ya barabara.

Kesho yake mtoto akaanza kulia. Si kilio cha njaa. Kilikuwa chembamba, kikali, mikono inatetemeka, titi hashiki. Kwao mtoto akilia hivyo, husemwa kuna marehemu anayetaka jina lake. Likitajwa lenyewe, mtoto hunyamaza. Mama mkwe akambeba, akaita, "Nasimiyu! Naliaka! Nekesa!" Mtoto analia tu. Akawamaliza shangazi wote waliokufa, kisha akanirudishia.

"Watu wetu wamemkataa. Shika mtoto ya wenyewe."

Na shemeji alikuwa amekuja kumwona mtoto. Ameketi pale pale, anakunywa chai. Akaomba aongezwe sukari!

Nilimfunga mtoto kifuani nikaenda hospitali peke yangu. Muuguzi aliniuliza nilikuwa natumia dawa gani. Nikasema pethidini, maana nilikuwa nimeisoma kwenye kichupa. Akashika kichwa, akasema hiyo ni dawa kali ya maumivu, na mwili huizoea ukashindwa kuiacha. Akanieleza kwamba kondo ndilo humpelekea mtoto chakula na hewa, na dawa ile hupita hapo hapo. Ikipita kila siku, kondo linaweza kudhoofika na mtoto asikue vizuri. "Analia hivi, mama, kwa sababu dawa aliyoizoea tumboni imekatika. Sikulaumu wewe, namlaumu aliyekudunga." Tulilazwa mpaka akatulia, na mimi mwili ukaachana na dawa ile. Siku aliponyonya akashiba, akalala na mdomo wazi, mimi ndiye niliyelia.

Nilimweleza bwanangu yote. Akafunga mlango. "Huyo ni kaka yangu, ndiye alinisomesha. Ukimtaja, rudi kwenu."

Juzi nilipita dukani nikamkuta shemeji akimdunga jirani yetu, tumbo limemtangulia. Nilimngoja huyo jirani nje nikamwonya. Akanijibu, "Si ni wewe ulizaa mtoto ya nje? Utanifundisha nini?"

Jumamosi ukoo unakutana Bungoma. Mama mkwe anataka nisimame mbele ya wazee nimtaje mwanamume aliyeharibu mimba yangu. Nikinyamaza, binti yangu atabaki wa barabarani kama kondo lake, na yule jirani ataendelea kudungwa. Nikisema, sina ndoa.

Msiniandikie nivumilie, neno hilo nimelishiba. Wanataka jina la mwanamume, na jina ninalo. Mwenyewe atakuwa ameketi hapo mbele na kikombe chake cha chai. Nyinyi mliozaa, nishaurini kitu kimoja tu: nikamtaje kisha ndio nirudi kufunga nguo za mtoto, ama nizifunge kabisa kabla sijaenda?