Midi ya Lubumbashi haiko midi ya Kinshasa

Leo tulipoteza Mama ku Kinshasa.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alienda kuona mutoto wa yaya Béa, dada yangu mukubwa. Ule mutoto alizaliwa hii juma.

Asubui nilimuandikia yaya: "Ndege inatoka dix heures, saa ine ya asubui. Njiani ni masaa mbili na kidogo. Kuwa pale midi, saa sita ya muchana."

Yaya alifika midi kamili. Midi ya Kinshasa!

Kwetu Lubumbashi ilikuwa tayari treize heures, saa saba. Bantu bote ba ile ndege balikuwa balishaenda.

Telefone ya Mama ilizimika. Na Lingala ya kule, Mama hajue ata neno moja.

Yaya ananipigia, analia. Miye niko katikati ya soko ya Kampemba, huku Lubumbashi.

Mara nasikia mu telefone yaya anapiga kelele: "Mama! Ulikuwa wapi?"

Mama alikuwa inje, anaikala juu ya valise yake ya nguo, anazungumuza na mama moja wa Kipushi, karibu na kwetu, mwenye alimusikia anasali mu Kiswahili.

"Miye nilifika zamani," Mama anajibu. "Ni Kinshasa njo ilichelewa."

Sasa iko anabeba mujukulu wake. Saa yake ya mukono amekatala kuibadirisha ifuate ya Kinshasa.

Benye kusafiri, ile tofauti ya saa moja ilishawafanyia nini?