Fungate Kwenye Boza la Maji

Mtu akitaka kuona kwa macho yake kwamba kinyozi hajinyoi, na aende nyumbani kwa Bwana Maji aombe maji ya kuoga. Atapewa kopo. Si ndoo, kopo. Na ataombwa asimame ndani ya beseni, ili maji yakishamtoka mwilini yapige deki sebuleni, kisha yamalizikie kwenye mshubiri uliopandwa ndani ya debe pale mlangoni. Katika nyumba ile mshubiri ndio ulioishi kwa raha kuliko wote, maana hakuna aliyewahi kuuambia kwamba maji ni ya watu.

Hilo ndilo neno la Bwana Maji: "Maji ni ya watu." Yeye ni dereva wa boza, lori lenye tangi mgongoni, katika mji uliokaa kando ya jangwa kama mtu aliyekaa karibu na jiko akakosa pa kusogea. Kazi ile ina desturi yake: maji yanayobaki tangini baada ya mteja wa mwisho ni mali ya dereva. Madereva wenzake huyapeleka nyumbani, wake zao wakaoga mpaka wakaimba. Bwana Maji hajawahi kufika nyumbani na tone. Kila kona ana mtu wake aliyesimama na ndoo, na yeye akiona ndoo mguu wake hukanyaga breki wenyewe, bila kumuuliza.

Mkewe alilijua hilo tangu siku ya harusi. Bwana harusi alichelewa, watu wakaanza kuuliza kama kuna mtu wa akiba, hatimaye akatokea na suti iliyolowa mpaka magotini. Jirani wa bibi harusi alikuwa amelisimamisha boza lake njiani. "Alikuwa na ndoo mbili tu," akajitetea mbele ya wakwe. Wazee wakasema huyu ana moyo mzuri. Bibi harusi naye akasema moyoni: moyo mzuri, ila nimeolewa na mtaa mzima.

Yeye anaitwa Mama Pasi, kwa kuwa anapiga pasi shuka za wageni kwenye hoteli moja kubwa, chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Juu wageni wanalalamika kwamba kiyoyozi ni cha baridi mno. Chini Mama Pasi na wenzake wanachemka kama viazi. Akitoka hapo amelowa jasho anarudi nyumbani, na nyumbani kuna kopo.

Siku moja alikunjua shuka akakuta mchanga mwekundu umejaa kwenye pindo. Akamuuliza binti wa mapokezi aliyekuwa ameshuka kuleta nguo.

"Hawa wageni wamelala wapi, kwenye shimo la kokoto?"

"Jangwani, mama. Wapenzi wanakwenda wawili wawili. Wanapanda vilima, wanatembea, wanalala kwenye mahema, wanatazama nyota."

"Wanalipa?"

"Tena sana."

"Kulala chini?"

"Wanasema wanapumzika, mama. Kule hakuna kelele, hakuna mtu anayekujua, hata simu haishiki."

Mama Pasi aliirudisha pasi mahali pake. Habari ya nyota haikumgusa. Nyota zilikuwa juu ya paa lake tangu azaliwe na hazikuwahi kumletea hasara wala faida. Lililomgusa lilikuwa lile la simu isiyoshika. Akaipiga hesabu yake polepole: mahali ambapo hakuna mtaa, hakuna kona, hakuna mtu mwenye ndoo. Siku mbili awe na mume ambaye si wa watu. Zisipopatikana siku hizo jangwani, basi hazipo duniani, na yeye ataacha kuzingoja.

Jioni akamwambia.

"Nje?" Bwana Maji akashangaa. "Mke wangu, mimi nje ndiko ninakoshinda. Jua nimelila mpaka nimelikinai. Watu wakitaka kupumzika huingia ndani."

"Basi nitakwenda na mwingine."

"Nani huyo?"

"Sijamjua bado. Nitasimama barabarani na ndoo, atasimama mwenyewe."

Bwana Maji akakuna kidevu, kisha akasema ni kweli hajachukua likizo siku nyingi.

Mipango ikaanza, na mipango ikishaanza ndugu hawawezi kukaa kwao. Wifi mtu, dada yake Bwana Maji, mwanamke asiyekosa shughuli za wengine, alifika kabla chai haijapoa.

"Nimesikia mnakwenda jangwani kwa mapenzi," akasema, akikaa bila kukaribishwa. "Watu wanatoka jangwani kuja mjini, nyinyi mnatoka mjini kwenda jangwani. Joto la hapa limewapungukia?"

"Tutapanda kilima, wifi."

"Na goti lako lile?"

"Goti nitalipeleka, litakaa chini linisubiri."

"Kaka, umesikia mkeo? Uzeeni ndipo mnakumbuka fungate?"

"Hatukuwahi kuwa nayo," Mama Pasi akajibu. "Siku ile kaka yako alikuwa anakausha suruali."

Wifi akacheka mpaka akaomba maji. Akapewa nusu kikombe.

Mama Pasi akachagua msimu wa baridi, yaani ule ambao jua linachoma badala ya kuunguza. Akachagua mahali pa kulala, kambi ndogo chini ya kilima cha mawe, ambako gari lolote linaweza kufika kwa njia ya changarawe. Akanunua kofia pana. Akapiga pasi nguo zote, za kupandia kilima na za kushukia, maana mtu wa kazi ile hawezi kuonekana na mkunjo hata mbele ya mijusi. Bwana Maji naye akapanga mambo yake: godoro, meza, feni.

"Feni utaichomeka wapi, kwenye nyota?"

Feni ikabaki.

Usafiri ulikuwa ahadi ya mkwe wao, mume wa binti yao, kijana mwenye pikapu na maneno matamu. Siku moja kabla ya safari pikapu ikavunjika giaboksi. Mkwe alileta salamu za pole zilizonyooka vizuri sana. Pikapu yenyewe haikunyooka. Mama Pasi akakaa kitandani na kofia mkononi. Bwana Maji akatoka, akarudi anatabasamu kama aliyeokota lulu.

"Tajiri wangu wa kazini amenipa gari."

"Gari gani?"

Mama Pasi alichungulia dirishani. Boza lilikuwa limesimama mlangoni, limeoshwa, ubavuni limeandikwa MAJI SAFI kwa herufi za kusomwa na kipofu.

"Lina maji?" akauliza taratibu.

"Limejaa. Boza la nusu linayumba, mke wangu. Na boza tupu... dereva wa maji aende jangwani na tangi tupu? Watu watanionaje?"

"Watu gani? Si tunakwenda kusiko na watu?"

Bwana Maji akaenda kufunga godoro.

Wakaondoka alfajiri, kofia pana ikigusa paa la kibini, pale anapokaa dereva, godoro limefungwa juu ya tangi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mji ulipokwisha, nyumba za mwisho zikaanza kuamka, na pale barabarani akasimama bibi mmoja na ndoo. Mguu ukakanyaga breki. Bwana Maji akamtazama mkewe kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Mama Pasi hana roho mbaya. Nyumba zile hazina bomba, yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba kama zile. Akashuka, akashika mpira wa maji, akamjazia bibi ndoo yake, na jirani wa bibi, na jirani wa jirani.

"Mungu akupe, mama," bibi akasema.

"Amechelewa," Mama Pasi akajibu, akapanda.

Kambini waliwakuta watu wa mjini waliokuja kuishi kama watu wa kale. Walikuwa na mahema yenye zulia, majokofu madogo, viti vya kukunja vyenye mahali pa kuweka kikombe, na magari marefu yenye magurudumu yanayofika kifuani mwa mtu. Walilala chini, juu ya magodoro manene kuliko lile la Bwana Maji. Mlinzi wa kambi, mzee mpole mwenye filimbi shingoni, akawaonyesha hema lao, akawaambia maji ya kunywa yapo tele, ila kuosha magari ni marufuku.

Jioni jua lilipolegea wakapanda kilima. Goti lilikataa kubaki chini, likaja. Juu kulikuwa na upepo, na mchanga umekunjamana mpaka mwisho wa macho. Mama Pasi akautazama kama shuka ambayo, Mungu akipenda, si zamu yake kuinyoosha. Hakuna aliyewaita. Wakakaa bega kwa bega, mkate mkononi.

"Kuzuri," Bwana Maji akasema.

"Kuzuri."

"Lakini mbona wamelizunguka boza?"

Mama Pasi hakutaka kutazama. Akatazama. Huko chini kambi nzima ilikuwa imejipanga nyuma ya boza, na mikononi, bila kificho, ndoo.

Waliposhuka, mwanamume mmoja aliyebabuka pua kwa jua akawapokea kwa furaha. "Mzee! Kumbe wametuletea boza! Gari langu limejaa vumbi, hata rangi halina."

"Na mbwa wangu," mwanamke mmoja akadakia. "Mchanga umemwingia kila mahali."

"Anzia huku, mzee, sisi tulitangulia!"

Bwana Maji alikwisha kuanza kutembea. Miguu ile ilijua njia ya kwenda kwenye koki kuliko ilivyojua njia ya chumbani. Mama Pasi hakumwita. Alivuta kiti cha kukunja, akakaa, akawapa mgongo wote, na akaamua jambo lake: koki ikifunguka, kesho ataomba nafasi kwenye gari lolote linalorudi mjini, na kuanzia hapo ataishi na kopo lake kwa amani, asitegemee kitu kwa mtu huyu.

Akasikia nyayo zimesimama. Akasikia ndoo zinagongana. Akangoja mlio wa maji. Mlio ule anaujua hata usingizini.

Haukuja.

"Maji haya yana mwenyewe," Bwana Maji akasema. Sauti yake ilikwaruza, kama ya mtu anayejaribu lugha ya kigeni.

"Nani?" aliuliza mwenye pua.

"Yule pale. Mwenye kofia. Muombeni yeye."

Mama Pasi akageuka polepole. Watu wote walikuwa wanamtazama, na nyuma yao mumewe amesimama mbele ya koki mikono ameikunja kifuani, jasho linamtoka, kama askari aliyeachiwa benki peke yake. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwomba Mama Pasi maji na yeye akawa na uwezo wa kukataa. Akajiweka sawa kitini.

"Mama, tunaomba," yule mwanamke akasema, mbwa kamkumbatia.

"Mbwa apewe. Hakuomba kuletwa huku."

"Na gari langu, mama?" akauliza mwenye pua.

"Gari halisikii joto, mwanangu. Na vumbi hilo si ndilo mlilolifuata? Litazameni vizuri, mmelilipia."

Mlinzi akaangalia pembeni, filimbi ikamtikisika shingoni kwa kicheko. Watu wakatawanyika na ndoo zao. Mbwa akaogeshwa, akajikung'uta, akamlowesha Bwana Maji suruali mpaka magotini. Mama Pasi alipoiona suruali ile akacheka peke yake.

Asubuhi kabla kambi haijaamka, Bwana Maji alilipeleka boza nyuma ya kilima. Akatundika shuka mbili, moja kwenye ngazi ya tangi na nyingine kwenye mlango wa kibini uliofunguliwa, akapanda juu na mpira, akaubana mdomo kwa kidole gumba ili maji yatawanyike. Yakashuka kama mvua. Mama Pasi akasimama chini yake na nywele zake zote, macho amefumba.

"Inatosha?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Ongeza."

"Mchanga unakunywa tu, mke wangu."

"Nao uachiwe, ulikuwa na kiu. Ongeza."

Akaongeza. Akaongeza mpaka shuka zikalowa, mpaka kijito kikapita kati ya mawe kikaenda kinapotea, mpaka yeye mwenyewe aliyekuwa juu akaanza kucheka asijue anacheka nini. Kisha mkewe akamwambia ashuke, kuna nafasi ya wawili.

Waliporudi mjini wifi mtu alikuwa keshafika, amekaa mlangoni karibu na mshubiri.

"Haya, wapenzi wa jangwani," akasema. "Siku zote hizo mchangani mmefanya nini?"

"Tumeoga," Mama Pasi akamjibu, akapita ndani.