Eck Rintoul na Maneno Yake Mawili

Nilimdakia Eck Rintoul lango kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo alinisifu mara kumi na moja. Nilihesabu. Kila mara kwa maneno yaleyale mawili: "Si vibaya." Kwetu Kinlathie, mji mdogo wa Uskoti, ukiambiwa hivyo unarudi nyumbani kifua mbele, na wenzako wanakuonea wivu wiki nzima.

Eck alizaliwa nyuma ya kiwanda cha linoliamu, yale mazulia magumu ya sakafuni, na alijifunza kuteleza kwa sababu baba yake alikuwa mfagiaji wa uwanja wa barafu. Wazee wa ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu ndio waliopewa saa nzuri zote. Watu wa hoki ya barafuni tuliambulia mabaki, na bado tukalaumiwa kwamba tunachimba barafu yao. Eck alicheza beki. Hakuwa na mbio, hakuwa na madoido, lakini hukupita kwake bila kuumia mahali. Alipofika miaka ishirini na mbili, meno yake ya mbele yalikuwa yamebaki katika viwanja vya Ayr, Perth na Dundee.

Mwaka huo timu moja ya Kanada ilimwita kwa majaribio. Kocha wa kule alimkumbatia kila asubuhi. "Eck, wewe ni moto! Eck, wewe ni wa ajabu!" Siku ya ishirini na moja, kwa tabasamu lilelile, alimkabidhi tiketi ya kurudi kwao. Eck mwenyewe hakulisimulia jambo hilo hata siku moja. Ni mkewe, Netta, aliyetutobolea siri. Tangu hapo, mtu akimmwagia sifa, Eck alikuwa akipapasa mfuko wa koti kama aliyepishana na mwizi.

Magoti yalipomchoka akawa kocha wetu sisi, timu ya Vipanga wa Kinlathie. Asubuhi alikuwa fundi bomba, jioni alikuwa wetu. Nusu ya mazoezi alitunyang'anya magongo, tukateleza mikono mitupu tukisukuma kwa miguu kile kisahani cheusi tunachochezea badala ya mpira. Alisema mtu mwenye gongo mkononi hafikirii. Tulimnung'unikia sana, na tulishinda mechi nyingi kwa mtindo huo. Kombe tu ndilo hakuwahi kulishika, si kama mchezaji, si kama kocha, na alilitaka mno.

Ndipo akaja Dale Hrycak, kijana wa Kanada, akapangishwa chumba cha juu nyumbani kwa Eck na Netta. Jamani, yule alifunga! Kufikia Februari alikuwa na mabao hamsini na moja, na tulikuwa tumeingia nusu fainali. Kila Jumapili Eck alimpigapiga begani: "Si vibaya, mwanangu." Mimi na miaka yangu tisa nilikuwa na kumi na moja, yeye alikuwa na kumi na tano kabla ya Krismasi. Nakiri nilimwonea kijicho.

Siku kumi kabla ya nusu fainali nilikuwa mezani kwao, maana Jumatano Netta alipika nyama ya kusaga na viazi, nami ni kapera. Dale aliweka uma chini.

"Bi Rintoul, asante kwa kila kitu. Jumamosi naondoka. Nimesaini na timu ya Ujerumani. Wale wananitaka."

Eck aliacha kutafuna. "Na hapa je?"

"Hapa? Kocha, nimefunga matano Ayr, ukaniambia si vibaya. Nimefunga sita Dundee, si vibaya! Nimejaribu kila kitu. Sijui unataka nini kwangu."

Netta alimgeukia mumewe. "Haya, mwambie."

"Nimwambie nini? Si nimeshamwambia?"

"Mwambie kama watu wanavyoambiana, kichwa cha mbuzi wewe!"

Eck aliomba chumvi. Nilitamani kumpiga teke chini ya meza, na sijui mpaka leo kwa nini sikumpiga.

Jumamosi alimbebea Dale mzigo hadi stesheni, mimi nikifuata na magongo. Mvua ilikuwa inanyesha. Treni ilipoingia ndipo Eck alipovua kofia.

"Dale. Katika maisha yangu yote sijaona mchezaji kama wewe. Nyumba itapooza bila wewe."

Dale alimgeukia. "Mbona hukuniambia Novemba?"

"Nilikuambia. Kila Jumapili."

Kijana akanitazama mimi. "Ni kweli, bwana," nikamwambia. "Mimi nimepata kumi na moja tu tangu nije." Alicheka, kisha macho yakamjaa machozi, akamkumbatia Eck kwa nguvu. Lakini saini ilikuwa imeshawekwa. Akapanda.

Bila yeye tulifungwa saba kwa mbili kwenye nusu fainali. Nilimwonea Eck huruma hadi mifupani, kwa sababu magoti yake hayakuwa na misimu mingi tena ya kusimama kando ya barafu, na sote tulijua kombe limeshampita. Katika chumba cha kubadilishia nguo tuliinamisha vichwa tukingoja ukimya wake wa siku zote. Badala yake alisimama katikati, akaanza na aliyekaa karibu na mlango, akimwita kila mtu kwa jina na kumwambia alichofanya vizuri. Wanaume wazima walitazama viatu vyao kama waliofumaniwa. Akanifikia.

"Gourlay. Isingekuwa wewe wangefunga kumi na tano. Umecheza vizuri sana, na nimefurahi miaka yote hii kukuona golini."

Finlay, beki wetu, alininong'oneza: "Huyu ana kansa."

Nami niliamini. Niliinuka na viatu vyangu vya kutelezea miguuni. "Eck, daktari amekuambia nini?"

"Daktari gani? Kaa chini, sijamaliza. Sitaki mwingine apande treni bila kujua."

Nikakaa, nikajifunika uso kwa kofia ya kipa, kwa sababu nilikuwa nalia, na Finlay alikuwa ananitazama.